Ngozi Niliyoipokea Kaunta

Nianze na ujinga wangu, maana katika kazi zote nilizofanya, huo ndio nilioufanya kwa ustadi zaidi. Nikiwa afisa mikopo mpya wa chama cha akiba na mikopo hapa Bariadi, nilipokea ngozi ya ng'ombe kaunta. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaikagua, nikampa pole aliyeileta, na jioni nikaifunga nyuma ya pikipiki nikaenda nayo nyumbani. Mtu wa mbali ataona ni jambo dogo la kuchekesha. Msukuma akisikia hivyo anakaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu anajua nilikuwa nimeshatia sahihi, tena kubwa kuliko muhuri wowote wa ofisi.

Vijana niliowaacha ofisini wameniomba niwaandikie kuhusu mikopo inayofutwa vitabuni: inavyomfuata mkopaji kwenye taarifa zake za mikopo, na inavyogusa kodi. Niliwaambia wasome mwongozo. Wakanijibu mwongozo unawaletea usingizi. Sasa mimi hapa, mtu wa kidato cha nne, ndiye ninayetegemewa kuwaamsha watu wenye digrii. Nitajitahidi. Nina muda, nina chai, na sina mahali pa kwenda, jambo ambalo nimelisubiri maisha yangu yote. Mke wangu husema nilistaafu moyoni siku ya kwanza ya kazi, barua ndiyo iliyochelewa.

Kweli mimi ni mtu wa nyumbani. Nikipita mtaa wa tatu natamani kurudi kuangalia kama kuku wameingia. Ndiyo maana sijui ni nani alinilaani hadi nikapata kazi ya kuzunguka vijijini kwa pikipiki. Nilikuwa nimeshalima pamba miaka ya kutosha kuchoka nilipoajiriwa, kwa hiyo sikuwa kijana, na siku ya kwanza nilikuja nimevaa suruali niliyoipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Nilidhani nakwenda kukaa mezani. Nikakabidhiwa kitabu cha risiti, koti la mvua lililotoboka kwapani, na pikipiki isiyo na kioo hata kimoja.

"Vioo vya nini?" aliuliza Mama Mbuke, mkuu wa mikopo, nilipolalamika. "Huku nyuma hakuna anayekudai. Wanaodaiwa wako mbele."

Mama Mbuke ndiye aliyenifundisha kazi. Mwanamke mfupi, mkoba wake mkubwa kuliko yeye, na alikuwa na tabia ya kukusikiliza akiangalia viatu vyako, mpaka unaanza kusema ukweli ili tu uende zako. Siku ile ile alinipeleka kwa mkopaji wa kwanza, na njiani akanipa somo ambalo sijalikuta kwenye mwongozo wowote.

"Ukifika kwenye mji wa mtu, usihesabu mabati. Omba maji ya kunywa."

"Nikishakunywa?"

"Sikiliza nani anasema 'mletee mgeni maji'. Huyo ndiye mwenye neno katika nyumba ile. Mkopo hata ukiandikwa jina la baba, atakayeulipa ni huyo."

Nimekunywa maji mengi sana ya watu katika mkoa huu wa Simiyu. Mengine yalikuwa na rangi. Lakini mama yule hakukosea. Ninyi mnaotembea na tableti, kombe la maji bado halijapitwa na wakati, jaribuni.

Sasa nije kwa Luhende.

Luhende alikuwa kijana wa Migato, kule Itilima, ameoa karibuni, mgongo umenyooka, kicheko kiko karibu. Alikopa kwetu akanunua maksai wawili wa kulimia pamba. Mimi ndiye niliyekwenda kuwakagua. Mmoja alimwita Serikali na mwingine Mwenyekiti. Nilimuuliza kwa nini. Akasema Serikali anavuta hata kama amechoka, Mwenyekiti anataka kwanza asemeshwe. Wakati ananieleza, Mwenyekiti alikuwa amelala. Mama Luhende, mama yake mzazi, ndiye aliyesema "mletee mgeni maji", na mimi nikaandika rohoni: mkopo huu uko salama.

Alilipa marejesho ya kwanza vizuri. Halafu Mwenyekiti akashikwa na ndigana, ule ugonjwa wa kupe, akafa. Maksai mmoja halimi. Serikali naye akauzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na nyumbani hakuna chakula. Hayo yote sikuyajua, kwa kuwa barabara ya Migato ilikuwa na tope na mimi nilikuwa na sababu zangu za kubaki mjini. Nilikuja kujua siku ambayo Luhende aliingia ofisini mchana, ana baiskeli nje na mzigo begani, na watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kusogea pembeni mmoja mmoja kwa ajili ya harufu.

"Mwadila," alinisalimia.

"Mwadila. Umebeba nini tena?"

"Mwenyekiti."

Akaikunjua ngozi juu ya kaunta. Nzi wakaja nayo.

Hapa niwaeleze ninyi mliokulia mjini. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi humwekesha mwenzake baadhi awachunge. Mchungaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye mali. Ng'ombe akifa, mchungaji hasemi tu kwa mdomo kwamba amekufa. Anamchuna, anampelekea mwenye mali ngozi, ili aone chapa, aone hakuchinjwa kwa ajili ya harusi wala hakuuzwa mnadani. Mwenye mali akiipokea ngozi ile, jambo limekwisha. Hamdai tena. Akitaka kugombana naye, aikatae ngozi palepale.

Luhende aliweka kidole kwenye chapa. "Hii hapa. Uliiona mwenyewe ulipokuja."

Nami, badala ya kuwa afisa mikopo, nikawa mtoto wa mfugaji. Nikapitisha mkono juu ya manyoya. Nikakumbuka yule dume alivyolala wakati anasifiwa.

"Ni yeye," nikasema. "Pole sana, ndugu yangu. Nimeona."

"Umeipokea?"

"Nimeipokea."

"Wabeja," alishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona anapanda baiskeli kama mtu aliyetuliwa gunia la pamba.

Mama Mbuke siku hiyo alikuwa Maswa kikazi. Aliporudi kesho yake, ofisi ilikuwa bado inanuka.

"Wameniambia umepokea ngozi," alisema, macho kwenye viatu vyangu.

"Ndiyo, mama."

"Na marejesho umepokea?"

"Hapana."

"Basi umefanya kazi ya fundi viatu. Nenda Migato ukamweleze yule kijana kwamba deni liko palepale, tunaweza kumpangia upya muda wa kulipa. Nenda wiki hii, kabla hajazoea."

Angalieni maneno yale: kabla hajazoea. Kama ningekwenda wiki ile, ningempangia marejesho madogo baada ya mavuno, na leo nisingekuwa na cha kuandika. Sikwenda. Kulikuwa na tope, kisha pikipiki ikawa na tatizo la cheni, kisha cheni ikapona mimi nikawa na mafua. Nilipokuja kufika Migato, Luhende alikuwa amehamia Kiloleli upande wa wakwe zake, analima mpunga. Nilimkuta mama yake. Nikaomba maji, nikaletewa.

"Habari za Luhende ni nzuri," alisema yule mama. "Anajitahidi. Ile habari ya ofisi nayo namshukuru Mungu ilikwisha. Ngozi si mliipokea?"

Nikanywa maji nikanyamaza. Niliyanywa polepole sana, nikaomba na mengine, nikaaga. Kwenye kitabu cha ufuatiliaji nikaandika: mkopaji hakuwepo. Ilikuwa kweli.

Mkopo wa Luhende ukachelewa, ukaitwa chechefu, yaani usiolipika, na mwisho ukafutwa vitabuni. Mama Mbuke alinieleza maana yake akinikatia kipande cha muhogo wa kuchemsha, na mpaka leo sijasikia maelezo bora.

"Wewe ni mfugaji," alisema. "Ukihesabu zizi lako jioni, unamhesabu ng'ombe aliyekufa?"

"Hapana."

"Sisi tulikuwa tunamhesabu. Tunamwambia kila mtu tuna ng'ombe kadhaa, kumbe mmoja ni mzoga. Kumfuta vitabuni ni kuacha kujidanganya. Basi. Luhende hatujamsamehe. Akija kesho na hela tunapokea."

"Na kodi inaingiaje?"

"Tukipata hasara ya kweli, hasara ile inapunguza faida tunayotozwa kodi. Lakini watu wa kodi hawapendi huzuni isiyo na ushahidi. Wanataka kuona tulimfuatilia, tulimwandikia, tulikwenda kwake, tukashindwa."

"Kumbe nao wanataka ngozi."

Alicheka mpaka muhogo ukampalia. Kisha akafungua jalada la Luhende, akaona safari yangu moja ya Migato, akaacha kucheka.

Kwa hiyo jueni, ninyi mnaodhani kutembelea wakopaji ni matembezi. Mkopo ukifutwa bila ufuatiliaji unaoonekana, mkaguzi atauliza, na mtu wa kodi atasema hasara hiyo bado haijawa hasara. Vilevile siku mkopaji akilipa baada ya deni kufutwa, hela ile haiingii kimyakimya kama zawadi ya sikukuu. Inaandikwa kuwa pato la mwaka ule, kwa sababu hasara yake ilishapunguza kodi zamani.

Miaka ikaenda. Mama Mbuke alistaafu, akabaki mjumbe wa kamati ya mikopo, kwa hiyo tukaendelea kumwogopa bila kumlipa mshahara. Halafu zikaja kampuni zinazokusanya taarifa za mikopo. Wakopeshaji tukatakiwa kupeleka habari za wakopaji wetu: nani analipa kwa wakati, nani anachelewa, nani mkopo wake ulifutwa. Zamani mtu akishindwa kulipa huku kwetu, sifa yake iliishia mnadani, na hata pale akibadilisha kofia alipata nafuu. Sasa sifa inamtangulia. Akiingia ofisi yoyote ya mikopo, wanamwona kabla hajakaa. Anapewa alama, na katika vitu vyote vinavyozishusha, mkopo uliofutwa vitabuni ukiwa bado haujalipwa uko karibu na chini kabisa. Kuchelewa kunasema mtu huyu ni mzito. Kufutwa kunasema waliomkopesha wamekata tamaa.

Nilijiangalia na mimi, kwa udadisi. Nikakuta nimechelewesha mkopo wa simu, kiasi cha bei ya kuku mmoja, laini yenyewe nilishaitupa. Afisa mikopo mwandamizi. Nilikwenda kuulipa nikiwa nimevaa kofia.

Tulipopeleka taarifa zetu, jina la Luhende lilikwenda nazo. Nililiona kwenye skrini likipita. Nikasema nitamtafuta. Mnanijua.

Alinitafuta yeye. Ilikuwa karibu msimu wa kununua pamba unaisha, mimi nimebakiza muda mfupi nistaafu. Aliingia mtu mzima, tumbo limeanza kujitambulisha, shati zuri. Alikuwa amerudi Migato, ana duka, ana pamba, ana ng'ombe wake mwenyewe. Alikuwa pia na kishika uchumba, yaani malipo ya awali, alichoacha kwa mzee mmoja wa Binza, kule Maswa, anayeuza mashine ya kusaga na kukoboa. Pale kijijini kwao wanawake wanakwenda mbali kusaga, mkewe akiwa mmoja wao, na Luhende alishajenga kibanda cha mashine, amekipaua. Ilibaki benki impe mkopo amalizie. Mzee wa Binza alimpa mpaka mwisho wa msimu. Baada ya hapo anamuuzia mwingine.

Benki ilikuwa imemkatalia.

"Mwangaluka, afisa," alisema. Hakutabasamu.

"Mwangaluka, Luhende."

"Wameniambia nina deni hapa. Limefutwa, halafu ni deni. Nikawaambia haiwezekani, yule afisa yuko hai, ngozi aliipokea kwa mikono yake. Wakaniangalia kama mlevi."

Wenzangu wote walikuwa wanasikiliza huku wakijifanya wanaandika. Nikamwomba tukae nje, kwenye benchi.

"Luhende, lile deni lilifutwa kwenye hesabu zetu tu. Kwako lilibaki."

"Sasa kwa nini uliipokea?"

"Kwa ujinga."

"Mimi sidaiwi ng'ombe aliyekufa," alisema. "Si hela. Hela ninayo, ninaweza kuuza madume mawili mnadani kesho. Lakini nikilipa, maana yake siku ile nilikuja hapa kudanganya. Baba yangu alichunga ng'ombe za watu maisha yake yote, hakuwahi kulipa mfu."

Nilielewa hapo kwamba mwongozo wote wa ofisi usingenisaidia. Nikafikiria kama mfugaji, kazi ambayo ningepaswa kuifanya tangu mwanzo.

"Ngozi inapelekwa kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa mwenye ng'ombe."

"Mwenyekiti alikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Sisi tulikupa hela. Ng'ombe ulimchagua wewe, ukampa jina wewe, maziwa hakuwa nayo, lakini kazi yake yote ilikuwa yako. Angekuwa wetu, angezaa ungetuletea ndama?"

"Maksai anazaaje?"

"Ndiyo hivyo. Wewe hukuwa mchungaji wetu. Ulikuwa mwenye ng'ombe. Ngozi ile ulipaswa kujipelekea mwenyewe."

Halafu kile kicheko chake cha zamani kikaanza kupanda kutoka tumboni, ambako sasa kilikuwa na nafasi zaidi.

"Kwa hiyo mimi nilibeba ngozi yangu kutoka Migato mpaka Bariadi kwa baiskeli, nikampa mtu asiyehusika."

"Naye akaipokea."

"Mjinga ni nani hapo?"

"Tugawane."

Alifuta macho. "Nitalipa. Lakini nisikilize vizuri. Kama ng'ombe alikuwa wangu, ngozi ni yangu. Nirudishie ngozi yangu."

Nilidhani anatania, nikakubali upesi.

Deni lenyewe lilikuwa limevimba kwa riba na faini. Nikalipeleka kwenye kamati, nikasimama mbele ya wajumbe nikaeleza yote, ngozi, tope, mafua, na maji niliyoyanywa kwa mama yake. Mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye suti, aliuliza kama kuna kifungu kinachohusu ngozi. Mama Mbuke alimjibu yeye lakini akiangalia viatu vyangu.

"Mtaji tunaudai, ulitoka mfukoni mwa wanachama. Lakini riba ya miaka yote ambayo afisa wetu aliona uvivu kupanda pikipiki, tutaidai kwa uso gani?"

Wakakubaliana: alipe mtaji uliobaki, riba na faini asamehewe, apewe barua ya kumaliza deni, na kampuni ya taarifa za mikopo ijulishwe mara moja. Na barua, Mama Mbuke akaongeza, isitumwe kwa simu. Niipeleke Migato kwa mkono. Luhende akalipa, nami nikapanda pikipiki.

Mvua ya kwanza ilininyeshea mimi peke yangu, naamini. Nilifika nimelowa mpaka kwenye soksi. Mama Luhende alikuwa hai, macho yamepungua, masikio yamebaki. Aliagiza niletewe maji kabla sijaomba.

"Mayu," nikamwambia, kama ningemwita mama yangu, "siku ile uliniuliza kama ngozi tuliipokea."

"Nakumbuka."

"Tuliipokea. Hatukupaswa kuipokea. Deni lilikuwepo, nami nilinyamaza."

Akasikiliza mvua ikipiga bati. "Umechukua muda wote huu kuja kusema hivyo."

"Ndiyo, mayu."

"Kunywa maji yako," akasema.

Luhende aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena. Kisha akaniuliza kuhusu ile riba aliyosamehewa, maana ana duka, na kijana wa duka la jirani alikuwa amemtisha kwamba deni la biashara likisamehewa linaweza kuhesabiwa kuwa pato.

"Yaani hata huruma inakatwa kodi?"

"Ikiingia kwenye biashara, inaweza. Ulichokuwa ulipe hukulipa, kwa hiyo umebaki nacho. Nenda ofisi ya kodi na barua hii, waulize, usikisie."

Alikwenda. Afisa wa kule akamwambia kwamba kwa duka dogo kama lake, linalokadiriwa kodi kwa mauzo, hakuona cha kuongeza, ila barua aitunze. Kwa mfanyabiashara mwenye hesabu kamili zilizokaguliwa ingekuwa habari nyingine. Nami nawashauri hivyohivyo. Mkimsamehe mteja sehemu ya deni, mwambieni siku hiyohiyo akaulize kodi. Msimwache afurahi kwanza, furaha yenye bili nyuma yake inauma mara mbili.

Na taarifa zake? Hapa wengi wenu huwadanganya wateja kwa nia njema. Mnawaambia ukilipa unakuwa msafi. Hawi msafi siku hiyo. Kumbukumbu inabadilika kutoka "umefutwa, haujalipwa" kuwa "umefutwa, kisha umelipwa", na inabaki hivyo kwa muda uliowekwa. Ni kovu badala ya kidonda. Mkopeshaji anayefuata analiona, anauliza, na barua ya kumaliza deni ndiyo inayojibu. Kisha mtu anaanza kupanda tena, kwa mikopo midogo anayolipa kwa wakati. Hakuna njia ya mkato, na anayewauzia njia ya mkato ni tapeli.

Benki ilichukua muda wake. Msimu wa pamba ukaisha, mzee wa Binza akamuuzia mwingine ile mashine, akamrudishia Luhende kishika uchumba pungufu. Kibanda kilikaa kitupu kikihifadhi mbuzi. Mkewe akaendelea kwenda mbali kusaga mvua zote zile, na hilo najua lilitoka kwangu, si kwa benki. Baadaye benki ilimpa mkopo, mdogo kuliko alioomba. Akanunua mashine ya kusaga tu, kukoboa itasubiri. Siku ilipowashwa alinipigia simu hakusema neno, akaiacha inisikilizishe muungurumo mpaka salio likakatika. Lilikuwa salio lake. Amejifunza kutumia vizuri.

Mimi nikastaafu. Wakanipa saa ya ukutani, wakasema maneno ambayo siyarudii hapa kwa kuwa nina aibu na pia kwa kuwa hayakuwa ya kweli. Nikaingia kwenye maisha yangu ya ndoto, ambayo ni kibaraza changu.

Sasa niwaambie kuhusu kibaraza. Ile ngozi ya Mwenyekiti niliitandika, nikaipigilia vigingi juani, nikaisugua mpaka ikalainika, na tangu hapo imekuwa kitanda changu cha mchana. Kila Jumapili, kila sikukuu, na tangu kustaafu kila siku baada ya chakula, mimi na ngozi ile tumekuwa hatuachani. Mke wangu aliichukia tangu siku ya kwanza. Mgongo wangu unauma miaka mingi, na nimekuwa nikilaumu pikipiki. Jirani yangu Mama Shija, anayeuza karanga na kuona kila kinachopita kwenye ua wangu, hajawahi kunisalimia bila kuuliza habari za mgongo, nami humwuliza dawa.

Wiki iliyopita mchana nilikuwa nimelala. Nikasikia pikipiki inazima, nikafungua jicho moja. Luhende amesimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Inuka," alisema.

"Karibu kwanza, chai inakuja."

"Nitakunywa. Inuka, umenilalia ng'ombe."

Nikakumbuka ahadi yangu. Nikainuka kwa hatua, kama kiti cha kukunja kinavyokunjuliwa, mkono kwenye nyonga. Luhende akapiga goti, akageuza ngozi, akatafuta kwa kidole mpaka akaikuta ile chapa, imefifia lakini ipo. Halafu akaanza kuikunja taratibu.

"Utaipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye mashine. Anayesubiri unga wake akalie. Watoto wakiniuliza nitawaambia huyu nilimlipia mpaka akaisha."

Mama Shija alikuwa amesimama kwenye uzio na sinia lake la karanga, amesikiliza yote tangu mwanzo bila aibu yoyote. Nikamweleza, kwa kifupi, ngozi ni ya nani na ilifikaje kwangu. Akaitazama ngozi, akaniangalia mimi nilivyosimama nimepinda, akatikisa kichwa.

"Umelalia deni la mwenzio miaka yote hiyo," alisema, "halafu unaniuliza mimi dawa ya mgongo."